Mwamba Ndani ya Chungu: Historia ya Urujuani wa Usambara

Mmea wa kudumu, kwa maana ya wataalamu wa mimea, ni ule usiokufa baada ya kuchanua na kutoa mbegu, bali huendelea kuishi na kurudia kuchanua mwaka hadi mwaka. Miongoni mwa mimea ya namna hiyo inayotunzwa ndani ya nyumba za Ulaya na Amerika ya Kaskazini, mmoja ulioenea sana asili yake ni milima, ikiwemo ile ya Usambara, na pwani ya mashariki mwa Tanzania, pamoja na sehemu chache za kusini-mashariki mwa Kenya. Wajerumani huuita Usambaraveilchen, yaani urujuani wa Usambara, Waingereza huuita urujuani wa Afrika, na Wafini huuita paavalinkukka, yaani ua la Paulo. Historia yake ni historia ya mwamba uliohamishiwa ndani ya chungu, kwa kuwa karibu kila kanuni ambayo watunzaji wa nchi za mbali waliifikia kwa miaka mingi ya kujaribu na kukosea, iwe ni udogo wa chombo, wepesi wa udongo, uvuguvugu wa maji au kivuli cha mwanga, ilikwisha kuandikwa tangu kale katika nyufa za mawe ya Usambara.

Jina la urujuani lisimpotoshe msomaji. Urujuani wa Ulaya ni mmea wa jamii nyingine kabisa, na kilichounganisha majina hayo mawili ni rangi ya maua tu. Mmea wa Usambara umo katika jamii iitwayo Gesneriaceae, na tangu 1893 ulijulikana kwa jina la kisayansi la Saintpaulia, hadi 2015, ambapo uchunguzi wa vinasaba ulikuwa umekwisha kuonyesha kwamba chimbuko lake limo ndani ya kundi kubwa zaidi la Streptocarpus, nao ukaingizwa rasmi humo. Watunzaji wengi wameendelea kutumia jina la zamani, na si rahisi kuwalaumu, maana jina lililokaa midomoni kwa zaidi ya karne moja halifutwi kwa uamuzi wa maabara.

Makazi yake ya asili ni jiwe. Katika misitu ya Usambara Mashariki, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima kwa sababu upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hupanda mlima na kupoa, mmea huu huota kwenye kuta za miamba, kando ya vijito na chini ya miti mirefu, mahali ambapo jua halipigi moja kwa moja bali hupenya kwa vipande vidogo kati ya majani. Udongo wake, kama unastahili kuitwa udongo, ni tabaka jembamba la mboji, yaani mabaki ya majani yaliyooza, lililojikusanya katika ufa wa jiwe pamoja na mimea midogo ya kijani inayofunika mawe yenye unyevu. Maji hupita hapo bila kutuama, hewa huifikia mizizi wakati wote, nayo mizizi yenyewe ni mifupi na myembamba kwa sababu haina mahali pa kwenda. Majani ni manene, yamejaa maji, na yamefunikwa na malaika, yaani vinywele laini vinavyoonekana vizuri yakitazamwa dhidi ya mwanga. Hupangika kwa duara kuuzunguka moyo wa mmea, ambao ni ncha changa inayozaa majani mapya. Maua yana petali tano na vifuko viwili vya chavua vya rangi ya manjano, na chavua hiyo haitoki mpaka nyuki atue na kulitetemesha ua kwa misuli yake ya kurukia. Katika baadhi ya maua kijiti cha kike huelekea kulia na katika mengine kushoto, mpangilio ambao huisaidia chavua ya ua moja kufika kwenye ua lililo kinyume chake.

Watu wa milimani na wa pwani waliishi kando ya mimea hii kwa vizazi vingi kabla haijaandikwa katika kitabu chochote cha Ulaya. Safari yake ya kwenda nje ilianza katika miaka ya 1880, na msomaji wa Kiswahili atashangaa kuona kwamba wote watatu waliohusika na mwanzo huo walikuwa watu waliokaa katika dunia ya Waswahili. Wa kwanza alikuwa John Kirk, tabibu na konseli wa Uingereza huko Unguja, anayekumbukwa kwa nafasi yake katika mkataba wa 1873 ambao Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, alifunga kwao soko la watumwa, na ambaye katika muda wake wa faragha alikuwa mkusanyaji hodari wa mimea. Mnamo 1884 alipeleka sampuli katika bustani ya mimea ya Kew, London. Wa pili alikuwa Mchungaji William Ernest Taylor, mmisionari wa Mombasa, aliyepeleka yake mnamo 1887. Taylor ndiye yule aliyechapisha mkusanyo mkubwa wa methali za Kiswahili mnamo 1891, na ndiye aliyeshirikiana na Mwalimu Sikujua kuyahifadhi mashairi ya Muyaka bin Haji yasipotee. Sampuli zao zilikuwa zimekauka na hazikutosha kuwapa wataalamu picha kamili ya mmea, hivyo zikabaki katika makabati ya Kew bila kupewa jina.

Wa tatu alikuwa Walter von Saint Paul-Illaire, aliyezaliwa 1860, mtawala wa wilaya ya Tanga katika miaka ya mwanzo ya utawala wa Wajerumani. Yeye naye alikuwa mtu wa lugha, kwani mnamo 1890 kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kilichapishwa Ujerumani kwa ajili ya wanafunzi wa chuo cha lugha za mashariki cha Berlin. Alieleza mahali pawili alipouona mmea: pamoja palikuwa mwendo wa saa moja hivi kutoka Tanga, katika nyufa za mawe ya chokaa yenye miti, karibu na usawa wa bahari, na pengine palikuwa ndani ya msitu wa Usambara, juu ya miamba migumu yenye kivuli, kiasi cha mita 760 kutoka usawa wa bahari. Maelezo hayo mafupi yana thamani kubwa, kwa kuwa mtunzaji aliyeyasoma kwa makini angeweza kuyageuza kuwa maelekezo ya upandaji: joto la pwani, jiwe linalopitisha maji, kivuli cha mti.

Mnamo 1892 Saint Paul-Illaire alipeleka mmea huo kwa baba yake, Ulrich, mpenzi mkubwa wa mimea aliyekaa Fischbach katika jimbo la Silesia, sehemu ambayo leo imo Poland. Baba akampa Hermann Wendland, mkuu wa bustani za kifalme za Herrenhausen mjini Hannover, naye mwaka uliofuata akaueleza kisayansi na kuuita Saintpaulia ionantha. Neno la kwanza liliiheshimu familia ya Saint Paul. La pili limeundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki, moja likimaanisha urujuani na jingine ua. Jina la kisayansi, basi, liliuhifadhi ukoo wa mtawala, na kama si wauzaji na watunzaji wa Kijerumani kuendelea kulitaja jina la mlima, Usambara isingebaki popote katika utambulisho wa mmea wake wenyewe. Mwaka huohuo wa 1893 ulionyeshwa Ghent, nchini Ubelgiji, katika maonyesho ya kimataifa ya kilimo cha bustani, ukapewa heshima ya kuwa mojawapo ya mimea miwili iliyowavutia zaidi wataalamu, na kampuni ya mbegu ya Ernst Benary ya mjini Erfurt ikaanza kueneza mbegu zake.

Hapo ndipo tatizo la chungu lilipoanza. Bustani za Ulaya zilikuwa na mazoea yake ya kupanda mimea ya nchi za joto: nyumba za vioo zilizopashwa moto kwa mvuke, vyungu vya udongo wa mfinyanzi, na maji mengi yaliyomwagwa kutoka juu. Mmea uliozoea mwamba haukuyapenda mambo hayo. Ukiwekwa katika chungu kikubwa chenye udongo mzito, mizizi yake mifupi huujaza upande mdogo tu, na udongo uliobaki hukaa na maji yasiyo na wa kuyanywa, hewa ikaisha, mizizi ikaoza, na uozo ukapanda hadi kwenye moyo. Watunzaji wa Kiingereza huuita ugonjwa huo kuoza kwa taji, na ndio ulioua mimea mingi zaidi kuliko wadudu wote, hasa kwa sababu mmea unaooza mizizi hulegeza majani kana kwamba una kiu, naye mtunzaji kwa huruma huuongezea maji. Kutokana na hasara hizo ikapatikana kanuni ambayo hadi leo hurudiwa kila mahali, kwamba upana wa chungu usizidi theluthi moja ya upana wa duara la majani. Mtu anayeona majani yamekizidi chungu mara tatu hushawishika kuuonea mmea imani na kuutafutia nafasi kubwa zaidi, lakini kwa mmea huu ufinyu ndio raha yake, kama ulivyo ufa wa jiwe.

Maji nayo yalikuwa na somo lake. Watunzaji waliona madoa ya manjano na mikunjo ya duara juu ya majani, wakadhani ni maradhi, kumbe chanzo chake kilikuwa maji baridi: tone lililo baridi kuliko jani kwa nyuzi kadhaa huua chembe za kijani zilizo chini ya ngozi ya jani na kuacha alama isiyofutika. Tangu hapo ikawa desturi kuyaacha maji usiku kucha ndani ya chumba ili yapate uvuguvugu, na kuyatia katika sahani chini ya chungu ili udongo uyanyonye wenyewe kutoka chini, kisha yaliyobaki yamwagwe baada ya nusu saa hivi. Wengine walipitisha utambi wa uzi wa nailoni katika tundu la chungu na kuutumbukiza katika bakuli la maji, njia ambayo huunywesha mmea kidogo kidogo bila kukoma, na ambayo ndiyo inayokaribia zaidi jinsi mwamba wa Usambara unavyotoa jasho la maji siku baada ya siku.

Kuhamisha mmea kutoka chungu kimoja hadi kingine, kazi ambayo kwa mimea mingine hufanywa ili kuupa nafasi, kwa urujuani wa Usambara hufanywa kwa sababu tofauti, na hapa ndipo ustadi wa watunzaji wake ulipofikia kilele. Majani ya chini huzeeka, hukauka na kuondolewa, huku moyo ukiendelea kuzaa mapya juu. Matokeo yake ni kwamba baada ya miezi kadhaa sehemu ya shina hubaki wazi kati ya udongo na majani, na sehemu hiyo huitwa shingo. Mmea wenye shingo huyumba, hupoteza umbo lake la duara, na hulazimika kupandisha maji kupitia shina lililokomaa kama kuni. Mtunzaji basi huutoa chunguni mara moja au mbili kwa mwaka, huondoa safu ya majani yaliyochoka, huikwangua shingo taratibu kwa kisu butu ili ngozi ngumu itoke, kisha hukata kutoka chini ya fungu la mizizi kipande kinacholingana na urefu wa shingo hiyo. Mmea hurudishwa katika chungu kilekile, au kingine cha kipimo hicho hicho, ukiwa umeshushwa mpaka majani ya chini yakae usawa wa mdomo wa chungu, na udongo mpya hujazwa pande zote bila kushindiliwa. Shingo iliyozikwa huota mizizi michanga, na mmea huanza upya. Ikiwa shingo ni ndefu mno, kichwa chote hukatwa na kupandwa kama kipandikizi, yaani kipande cha mmea kisicho na mizizi, ndani ya mfuko wa plastiki unaohifadhi unyevu, mpaka kipate mizizi yake chenyewe. Kwa njia hiyo mmea mmoja unaweza kuishi miaka mingi sana, ukizikwa na kufufuka, huku kila jani lililokuwapo mwanzoni likiwa limekwisha kuondoka.

Udongo unaotumika nao umebadilika kwa namna inayosimulia historia. Watunzaji wa kwanza walichanganya mboji ya majani na mchanga, pengine pamoja na vipande vya mkaa wa kuni. Katika miaka ya 1960 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walieneza michanganyiko isiyo na udongo kabisa, iliyotengenezwa kwa piti, ambayo ni mboji ya vinamasi vya nchi baridi, pamoja na perliti na vamikulaiti, ambayo ni mawe yaliyochomwa mpaka yakafura na kuwa mepesi. Mchanganyiko huo ni mwepesi kiasi kwamba chungu kilichojaa hubebwa kwa vidole viwili, hushika unyevu bila kufukuza hewa, na kwa sababu hauna chakula cha kutosha hulazimu mbolea ya maji itiwe kidogo kidogo. Vyungu vya plastiki vikachukua nafasi ya vile vya mfinyanzi, kwa kuwa chungu cha mfinyanzi hufyonza chumvi ya mbolea na kuirundika mdomoni, nayo huunguza vikonyo vya majani yanayouegemea.

Marekani ndiko mmea ulikopata umaarufu wake mkubwa. Katika miaka ya 1920 kitalu cha Armacost na Royston cha Los Angeles kiliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, kikaotesha takriban miche 1,000, kikaipunguza hadi 100, kisha kikachagua 10 tu, ambayo iliuzwa kuanzia 1927 kwa majina kama Blue Boy, Viking na Neptune. Nyingi ya aina zilizofuata katika miongo ya mwanzo zilitokana na hizo chache, ama kwa kuchanganywa chavua, ama kwa mabadiliko ya ghafla ya vinasaba yaliyoonekana katika tawi au jani moja. Mnamo 1939 Blue Boy ilitoa ua lenye petali nyingi, na mwaka uliofuata likapatikana ua la rangi ya waridi. Kilichorahisisha uenezaji huo ni sifa ya ajabu ya jani lenyewe: likikatwa pamoja na kikonyo chake na kuchomekwa katika udongo wenye unyevu, baada ya miezi miwili hivi huzaa miche midogo chini yake, yenye sifa zilezile za mama. Majirani walipeana majani badala ya kununua mimea, na mnamo 1946 wapenzi wake walikutana Atlanta na kuunda chama cha kitaifa. Taa za mirija, zilizoanza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1930, zikauwezesha mmea kuchanua hata katika vyumba vya chini ya ardhi visivyo na dirisha, kwa saa 12 hadi 14 za mwanga hafifu kila siku. Katika miaka ya 1960 Hermann Holtkamp wa Ujerumani alieneza aina za Rhapsodie ambazo maua yake hayapukutiki njiani, na biashara ya kuusafirisha kwa malori ikapanuka.

Wakati huohuo nyumbani kwake mambo yalikwenda kinyume. Kituo cha utafiti cha Amani, kilichoanzishwa na Wajerumani mnamo 1902 katikati ya misitu ya Usambara Mashariki, kilikuwa na kazi ya kujaribu mazao ya biashara, na mashamba ya kahawa, chai na miti ya kigeni yalikula msitu kidogo kidogo. Ukataji wa magogo kwa mashine uliongezeka katika miaka ya 1970, baadhi yake ukisaidiwa na fedha za Finland, nchi ambayo ua la Paulo lilikuwa limejaa madirishani mwake. Ulipositishwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, msaada wa Finland uligeuzwa kuwa wa hifadhi, na mnamo 1997 Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilitangazwa. Mageuzi hayo yanastahili kusifiwa, ingawa yalikuja baada ya miti mingi ya kivuli kuanguka, na mmea huu hauwezi kuvumilia mwamba uliovuliwa mti wake: jua huukausha katika msimu mmoja.

Kuhusu idadi ya spishi, wataalamu hawakukubaliana kwa muda mrefu. B. L. Burtt wa Edinburgh alifanya kazi kubwa ya kuzieleza katika miaka ya 1958 na 1964, na orodha ikafikia takriban 20, zikiwemo za Uluguru, Nguru na Mlima Tongwe; mnamo 2006 zilipunguzwa na kuwa sita, nyingi za zamani zikihesabiwa kuwa nususpishi, yaani migawanyo midogo ndani ya spishi moja. Hesabu hizo hazibadilishi ukweli kwamba baadhi ya mimea hiyo hukaa mahali pamoja tu duniani. Ule wa Taita hupatikana Mbololo peke yake, na ule unaoitwa rupicola, maana yake mkaa mwambani, hushikilia mawe machache ya chokaa katika Kaunti ya Kilifi, ambako kila mti unaokatwa kwa kuni huondoa sehemu ya kivuli chake. Mkataba wa kimataifa wa bayoanuwai, uliotambua kwamba kila nchi ina mamlaka juu ya mimea yake, ulifunguliwa kwa sahihi Rio de Janeiro mnamo 1992, miaka 100 kamili baada ya mimea ya kwanza kuondoka Tanga, na kwa hiyo hauyahusu mamilioni ya vyungu yaliyotokana nayo.

Miongoni mwa aina za porini zimo zile zinazotambaa, kama ile ya Magunga, ambazo shingo yake haikatwi na mtu. Shina hurefuka, huelemewa na uzito wa majani, huinama na kuugusa mwamba, na mahali linapogusa unyevu huota mizizi mipya na kuanza duara jingine la majani, wakati sehemu ya nyuma inazeeka na kuachana nalo. Kazi ambayo mtunzaji huifanya kwa kisu na udongo mpya mara moja au mbili kwa mwaka, katika nyufa za Usambara hufanywa na mmea wenyewe, kwa muda wake, mradi jiwe libaki na kivuli.